Magoti ya Jerioth

Jumapili, 4 Januari

Na si kuchuchumaa peke yake. Sasa Jerioth ameanza kusimama kwa mguu mmoja akipiga pasi. Mguu mmoja, kama korongo, mbele yake kanzu za bosi, na madam anapita anasema mashallah. Mimi nimesimama kwa miguu miwili katika hii nyumba ya Waarabu, mtaa wa Nuzha, miaka kumi na moja na sijaambiwa mashallah hata moja.

Simu, sikia. Rita, mke wa mwanangu Fidel, ndiye alinionyesha hapa pa kubonyeza. Alisema Mama, badala ya kunipigia kila jioni kumsema Jerioth, bonyeza hapo irekodi, taja siku, kisha umseme mpaka uchoke. Ana adabu huyo mtoto, lakini nilielewa.

Jerioth ni huyu mwenzangu wa kazi, aliletwa mwaka jana kutoka Limuru. Ati rika moja na mimi. Ukimwangalia kwa nyuma utasema msichana wa shule. Kila asubuhi madam anaweka mwalimu wa mazoezi kwa televisheni na Jerioth anaitwa waruke pamoja. Mimi naitwa kuleta maji.

Leo ndio kumetokea neno. Madam amesema mjukuu anaolewa Riyadh, na Mama Kabira, yaani mama mzazi wa madam na bibi wa huyo mjukuu, atatangulia huko kwa bintiye mdogo akae mpaka harusi iishe. Ataenda na mfanyakazi mmoja. Huko chumba kiko juu, ngazi ndefu, lifti mafi, hakuna. Kwa hivyo, akasema, anataka mtu wa miguu. Atatuambia Jumapili ijayo. Akasema anatuambia sote wawili lakini macho yalikuwa kwa Jerioth.

Sasa Riyadh ndiko Fidel aliko. Anaendesha lori kwa maghala ya Sulay. Tangu aje hii nchi ni miaka miwili na sijamwona. Nchi moja, mtoto namjua kwa sauti. Mtu wa kulala kazini hajipandii basi hivi hivi akaenda, mpaka kafili, huyo mwajiri aliyekuleta, aseme ndiyo, na Fidel siku akipewa ruhusa ya kutoka ni saa chache, hazifiki hata njia ya kuja. Juzi alituma picha, nikaona amenyoa ndevu. Nilikuwa sijui kama alizifuga.

Na Jerioth anaenda kuona nani Riyadh? Hakuna. Anataka kuona soko la Batha, ameambiwa sufuria ni za bure. Mimi mtoto, yeye sufuria.

Rita ameniambia kwa nini usimweleze madam tu kwamba Fidel yuko huko. Nikamwambia sitaki kuhurumiwa, nataka kuchaguliwa. Halafu Jerioth akisikia ataniachia nafasi kwa roho safi, na hiyo roho safi nitaisikia mpaka Ramadhani.

Kwa hivyo nimeanza mazoezi leo leo. Baada ya kuosha vyombo nilifunga mlango wa jikoni nikachuchumaa kama ninavyomwona akifanya. Kushuka nilishuka vizuri sana, kushinda yeye. Kupanda ndiyo ikakataa. Goti la kulia lililia kama mlango wa kanisa. Nikashika droo ya vijiko, droo ikatoka, tukakaa chini mimi na vijiko. Jerioth akauliza kwa nje, Mama Fidel, uko sawa? Nikasema napanga vijiko.

Jumatatu, 5 Januari

Goti limevimba, liko kama embe. Nimelifunga leso chini ya gauni. Madam ameuliza mbona natembea hivyo, nikasema ni kiatu.

Nimeacha kuchuchumaa. Si kwa sababu ya goti, ni kwa sababu ni zoezi la kitoto. Kuna lile lingine Jerioth analolifanya, analala kifudifudi, anajishika kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo liko juu kama daraja. Anakaa hapo anaongea na dada yake wa Limuru kwa simu mambo ya majani chai, hata hahemi. Nikasema hilo halihusu goti, hilo langu.

Wenye nyumba walipolala baada ya chakula cha mchana nikaingia sebuleni. Hilo zulia la madam ni zuri, la Irani, mguu unazama. Nikapanga viwiko, nikapanga vidole, nikajiinua. Tumbo halikutoka. Mimi niliinuka, lenyewe likabaki pale chini limekaa, kama mgeni ambaye hajamaliza chai. Nikasema wacha nipumzike kidogo nianze upya.

Nilipoamka Mama Kabira alikuwa kwa kiti chake ananiangalia na tasbihi mkononi. Alikuwa amenifunika shali yake. Huyo mama ana miaka themanini na kitu na ameshikilia fimbo akanifunika mimi. Akaniuliza Ima, umeanguka? Ima ni mimi, Emmaculate imewashinda wote hapa. Nikasema hapana, nafanya mazoezi. Akafikiri sana. Akasema hata yeye angependa hayo mazoezi.

Shingo haigeuki upande wa kushoto. Jerioth akiwa kushoto simwoni, hiyo ni nafuu.

Jumatano, 7 Januari

Nimebadilisha mbinu. Kama siwezi kuwa mwepesi, yeye awe mzito.

Kuanzia jana mimi ndiye napakua. Sahani ya Jerioth naijaza mchele mpaka unaanguka, kipande cha nyama kikubwa, juu yake mandazi ya jioni ambayo nimepika kwa samli tupu. Nikamwambia kula mama, kazi ni nyingi. Akasema asante sana Mama Fidel, siku hizi umenipenda. Akala yote. Akalamba na vidole.

Leo asubuhi ameamka na nguvu kama ng'ombe aliyelambishwa chumvi. Ameosha mazulia mawili, ameyapandisha juu ya dari, pale paani, kuyaanika, mwenyewe, begani. Akashuka akiimba. Kule kwetu Kitale nilikuwa na ng'ombe wa hivyo, unamlisha unangoja maziwa, yeye anatumia nguvu yako kuvunja ua. Tulimuuza. Aliyemnunua alirudi kushukuru, hiyo ndiyo iliniuma.

Na mimi sikutaka kula mbele yake nikaonekana mlafi. Nimekula mandazi yaliyobaki nikiwa nimesimama kwa stoo. Yalikuwa mengi. Sasa gauni la kazi linabana hapa kwa kwapa.

Halafu amenitolea dawa yake ya kuchua, ya karafuu, akataka anichue shingo. Nikakataa. Akasema kwa umri wetu, Mama Fidel, mwili unaombwa, hauamrishwi. Kwa umri wetu. Anasimama mguu mmoja halafu anasema umri wetu. Alipotoka nikajipaka mwenyewe, na ni dawa nzuri, nitasema ukweli. Hata dawa yake ni nzuri. Hakuna kitu cha huyu mwanamke ambacho ni kibaya mtu akashukuru.

Ijumaa, 9 Januari

Sijui nianzie wapi. Nimelala upande, naongea na ukuta.

Nilifikiri hivi. Shida ya madam si magoti, shida ni ngazi. Akiniona kwa macho yake nikimpandisha mtu ngazini, ubishi umeisha. Lakini siwezi kujifunza na Mama Kabira mwenyewe, nikimwangusha je? Nikaangalia kwa stoo nikaona gunia la mchele. Lile kubwa, la familia. Mama Kabira ni mwembamba, nikapima kwa kuinua, nikaona wanakaribiana.

Sasa gunia ni laini, linateleza, na mtu hushikwa kwa nguo ya kiunoni. Ndipo nikachukua ile jalabiya ya Mama Kabira, gauni refu la maua ya zambarau, iliyokuwa ya kufuliwa, nikalivisha gunia. Nikafunga mshipi. Nikaona juu panakaa pabaya, nikaweka na kitambaa cha kichwa. Gunia likawa yeye kabisa. Nilijikuta nampa pole.

Wanaume walikuwa msikitini, Jerioth nimemtuma kwa bustani. Ngazi za kwenda juu ya dari ziko karibu na jikoni. Tukaanza. Nikasema yalla, twende, Mama, polepole, bismillahi, mimi Mkatoliki lakini gunia lilikuwa Mwislamu siku hiyo. Ngazi za kwanza tulikwenda kama bibi harusi na mpambe. Mbele kidogo goti likaniuliza tunaenda wapi. Nikalinyamazisha. Pale juu penye kona kiuno kikasema tak, nimekisikia kwa masikio, kama kuni kavu, na mikono ikafunguka yenyewe.

Akaenda. Gunia. Lilishuka likibingirika, maua ya zambarau juu, maua ya zambarau chini, kitambaa nyuma yake kinapepea.

Na madam ndiyo anatokea jikoni.

Sitasahau ule ukelele. Alikimbia na mikono mbele, akapiga magoti, akakumbatia lile gunia, anasema yumma, yumma, mama yangu, na mchele unamwagika kila upande, na yeye hauoni, anatafuta uso. Mimi niko juu nimekunjamana, siwezi kusema neno kwa ajili ya kiuno, naona tu. Halafu kwa mlango wa sebule akatokea Mama Kabira mwenyewe na fimbo yake, akauliza ni nani amevaa nguo yangu.

Madam alikaa chini kwa mchele. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliniangalia vile unamwangalia mtoto wa jirani aliyevunja kitu.

Na nani alinitelemsha? Si ni Jerioth tena. Alikuja na majani mkononi, akaniweka mgongoni kama mtoto, akashuka na mimi ngazi zote. Huku madam anamwangalia. Yaani nimefanya kazi wiki nzima kumwonyesha madam mtu anayeweza kubeba mtu ngazini, na nimemwonyesha.

Jumamosi, 10 Januari

Hospitali. Zacharia dereva ndiye alinipeleka, alicheka kutoka Nuzha mpaka mlangoni. Kila taa nyekundu anauliza na marehemu gunia anazikwa lini.

Daktari ni Msudani, mzee, mpole. Akaniuliza umri. Nikasema ule wa ikama, hiki kibali cha kuishi hapa. Akaangalia picha ya mifupa, akaangalia ikama, akaangalia picha tena. Akasema basi magoti yalitangulia kuzaliwa.

Akanieleza kwa Kiarabu cha polepole. Kiuno kimeteguka misuli, kitapona kikipumzishwa. Goti ni la muda mrefu, limelika kama soli, halitarudi kuwa jipya, lakini likiheshimiwa litanipeleka miaka mingi. Kuchuchumaa halas, basi. Kubeba halas. Nitembee mahali tambarare, nikae kwa kiti nikinyoosha mguu taratibu, nikipanda ngazi nishike ukuta na nipumzike. Nikamuuliza na yule mwenzangu wa rika langu mbona anaruka. Akasema yeye hajamwona huyo mwenzangu, amekuja goti langu peke yake.

Nikamuuliza tena kama kuna sindano. Akasema ya nini. Nikasema ya kuwa kama yeye. Akaandika kitu. Zacharia alinisomea tukiwa garini, ilikuwa ni jina la mafuta ya kuchua. Ya karafuu.

Jumapili, 11 Januari

Madam amesema. Ni Jerioth.

Alisema vizuri, akanishika bega, akasema Ima, wewe ni wa nyumba, pumzika. Jerioth akasema sawa madam. Hakufurahi kwa sauti, na hiyo pia iliniudhi, mtu akikushinda si afurahi ujue umeshindwa.

Nikampigia Fidel. Alikuwa amekwisha kupakia, nilisikia mlio wa lori. Nilitaka nimwambie kwa mzaha, habari ya gunia kwanza halafu hiyo. Habari ya gunia alicheka. Hiyo nyingine akazima lori. Akasema sawa Mum, kuna siku. Akasema alikuwa ameomba bosi wake ruhusa ya Ijumaa, lakini atamwambia asijali. Akauliza goti. Nikamwambia goti ni zima.

Nimekunja leso ya kumpelekea, ile ya bluu, nimeirudisha chini ya mto.

Jerioth anapiga pasi nguo za safari. Kwa miguu miwili, leo. Sijui kama ni heshima au amechoka.

Jumanne, 13 Januari

Simu, leo kaa vizuri.

Madam alitaka Jerioth amjaribu Mama Kabira kwa zile ngazi za dari kabla ya safari ya kesho. Tukakusanyika, mimi nimewekwa kwa kiti pale chini kama shahidi. Mchele mmoja mmoja bado uko kwa kona, nauona.

Jerioth akamshika. Mkono mmoja kiunoni, mmoja chini ya kwapa, wakapanda. Wakapanda vizuri, nitasema ukweli, kama lifti. Kufika kwa kona Mama Kabira akasimama, akashika ukuta, akasema mafi. Hataki. Arudishwe.

Alipofika chini akakaa karibu yangu, akihema, akamwambia bintiye. Alisema huyu ni msichana mzuri, ana nguvu, lakini ananipeleka kama mbuzi wa Idi. Nikitaka kusimama naona haya, maana yeye hachoki. Nataka niende na Ima. Ima akipanda ngazi moja anasimama anaugua, na mimi naugua. Ananisimulia ng'ombe wake. Tunapanda nyingine. Madam akasema yumma, Ima hawezi kukushika. Mama Kabira akasema sitaki kushikwa, ukuta upo. Nataka mwenzangu. Akaongeza kwamba mwanawe Ima yuko Riyadh, na mama anayemjua mwanawe kwa simu hatakiwi kuulizwa magoti.

Nikashangaa amejuaje. Jerioth anaangalia ukutani. Nikamuuliza jikoni. Akasema, Mama Fidel, wewe huongea na hii simu kwa sauti, na mlango wa chumba ni mbao. Yeye ndiye amemwambia Mama Kabira, jana, alipokuwa anamsuka. Nikauliza tangu lini anasikia. Akasema tangu korongo.

Kwa hivyo ameniachia. Kwa roho safi. Nilikuambia.

Nikamwambia asante. Ilitoka. Akasema nimletee sufuria moja kutoka Batha, ya kifuniko cha kioo. Nitamletea. Nitamletea ile ndogo.

Lakini nimekaa nikafikiri, na nimeona kitu. Mama Kabira ameniona mimi nafanya mazoezi wiki nzima. Ameniona kwa zulia, ameniona ngazini. Si lazima alipendezwa na ile bidii? Haya ya kuugua pamoja alisema tu ili Jerioth asiumie moyo. Wanawake wazee wana busara. Ni mazoezi ndiyo yamenipeleka.

Ijumaa, 16 Januari

Riyadh. Baridi ya kukata masikio, hakuna aliyeniambia, Fidel aliniambia lakini nilifikiri anadeka.

Ngazi tulipanda juzi, mimi na Mama Kabira. Tulipumzika kila mahali palipopumzikika. Katikati tuliletewa chai. Alinisimulia mume wake, nikamsimulia wangu, kufika juu wote wawili walikuwa wamekufa tena na tumewasamehe.

Fidel anakuja leo baada ya swala. Bosi wake amekubali. Nimeoga, nimevaa gauni la kanisa, leso ya bluu iko hapa kwa mfuko. Tangu alfajiri situlii, nakaa nainuka, nakaa nainuka.

Sasa hapa jikoni kuna Keziah, mpishi wao, mama wa Kisii. Mnene kuliko mimi, hiyo sisemi kwa ubaya. Tulikuwa tunachambua mboga tumekaa chini kwa mkeka, na mfuko wa vitunguu ukaisha, na huyo Keziah akainuka. Hakushika kiti. Hakushika ukuta. Hakuweka hata mkono sakafuni. Alikunja miguu hivi, akainuka wima kama moshi, akaenda kuleta vitunguu anaongea.

Nikamuuliza umefanyaje hapo. Akauliza wapi. Hajui hata kama amefanya.

Nikasema hiyo si ya goti. Daktari alikataza kuchuchumaa, alikataza kubeba, kuinuka hakukutaja. Hiyo ni ya pumzi, pumzi ninayo. Basi nimekunja miguu vile vile, huu juu ya huu, mikono nimefunga kifuani nisidanganyike kuitumia. Nimejaribu mara moja nikarudi. Keziah anasema Mama Fidel, acha, utaumia. Wivu tu. Sasa nimekaa hapa napanga pumzi, na mguu mmoja sijui uko wapi, umelala, na ule mwingine unaushikilia.

Ngoja. Ni nani huyo.

Ni Mama Kabira, yuko juu, anaita. Ima, yalla, kuna kijana langoni, mrefu, anasema ni wako.

Mrefu. Anasema mrefu.

Nakuja, Mama, nakuja. Keziah. Usimwite aje huku, asinikute hivi. Keziah, weka vitunguu chini. Lete mkono. Mikono yote miwili, mama, na uvute.